Kadege ka chuma ka Cessna 172: usikaite mchezo mbele ya kusoma namba

Ndugu zetu walio Ulaya na Marekani wanapotuma mzigo, mara moja moja ndani mnatoka kadege ka chuma katika boksi yenye dirisha. Mtoto anakapokea kwa furaha. Kisha siku ya tatu bawa limevunjika, na boksi imewashia makala. Ni vizuri kujua mapema: tudege tumoja tumoja si vitu vya kuchezea. Ni maketi za wakusanyaji, na wako watu wanaozitafuta na kuzilipia.

Ndege yenyewe

Cessna 172 ndiyo ndege iliyotengenezwa kwa wingi kuliko zingine zote duniani: zaidi ya 44,000. Iliruka mara ya kwanza mwaka 1955, kazi ya kiwanda cha Cessna cha Wichita, Marekani. Ina injini moja, viti vinne, mabawa juu ya vichwa vya abiria, na magurudumu matatu yasiyokunjwa. Marubani wengi wamejifunza kuruka ndani yake.

Sisi wa mashariki tumezoea zaidi dada yake mkubwa, Cessna 208 Caravan. Ni hiyo shirika la MAF linatumia kutoka Bunia kufikia viwanja vidogo vya udongo ao majani. Usizichanganye: Caravan ina pua ndefu na madirisha mengi kando.

Kanatengenezwa namna gani?

Chuma hicho kinaitwa zamaki: zinki iliyochanganywa na aluminiamu, manyeziamu na shaba kidogo. Zinki ni madini tunayoyajua, ndiyo inayochimbwa Kipushi, katika Haut-Katanga. Zamaki inayeyuka kwa moto wa karibu digrii 400, kisha inasukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma kigumu. Vioo, magurudumu na panga la mbele mara nyingi ni plastiki.

Juu ya boksi utaona hesabu kama 1:72. Maana yake, ndege ya kweli ni kubwa mara 72 kuliko maketi. Mabawa ya Cessna 172 yana metre 11 kutoka ncha hadi ncha. Katika 1:72 yanabaki sentimetre 15, sawa na urefu wa biki. Kama maketi inasema 1:72 na vipimo havikubali, basi aliyeitengeneza hakujali.

Namba ndiyo inayosema

Kila ndege ina herufi na namba zake za kuandikishwa. Ya Marekani inaanza na N, ya Ujerumani na D, ya kwetu Congo na 9Q ao 9S. Mkusanyaji anatazama hapo kwanza.

Kwa mfano, D-ECJB. Tarehe 28 mwezi wa 5 mwaka 1987, kijana Mjerumani wa miaka 18, Mathias Rust, alitoka Helsinki na Cessna hiyo, akapita ulinzi wote wa Urusi ya Kisovieti, akatua Moscow karibu na Kiwanja Chekundu. Alifungwa zaidi ya mwaka mmoja, na waziri wa ulinzi wa inchi ile akapoteza kazi. Leo ndege hiyo iko katika makumbusho ya Berlin.

Ingine ni N9172B. Robert Timm na John Cook walibaki nayo hewani siku 64, kutoka mwezi wa 12 mwaka 1958 hadi mwezi wa 2 mwaka 1959. Mafuta waliyavuta kwa mpira kutoka gari lililokimbia chini yao. Ndege hiyo imetundikwa katika uwanja wa ndege wa Las Vegas.

Maketi inayofuata rangi na namba ya ndege ya kweli inabeba historia yake. Isiyo na namba yoyote, mara nyingi ni ya kuchezea tu.

Kukatunza

Usipake rangi mpya, hata kama ya zamani imebabuka: unaondoa bei. Usitupe boksi. Usiweke kwenye jua wala mahali penye unyevu.

Maketi za zamani zina ugonjwa wao, unaoitwa tauni ya zinki. Kama risasi kidogo iliingia ndani ya zamaki, chuma kinavimba, kinapasuka, na mwisho kinavunjika kama biskuti. Joto na unyevu vinaharakisha. Dawa hakuna, lakini maketi mgonjwa haiambukizi ya pembeni. Mbele ya kununua ya zamani, tazama nyufa ndogo chini ya mabawa.

Na watoto? Panga na magurudumu ni vipande vidogo vinavyoweza kuziba koo la mtoto. Rangi ya zamani inaweza kuwa na risasi, ambayo ni sumu. Basi mtoto mdogo mpe kadege ka kuchezea kweli. Haka kapande juu ya kabati.