Uvumbuzi, Ugunduzi na Jani la Haragwe

Ukienda BRELA, wakala wa usajili wa biashara Tanzania, kuulizia hataza, sharti uwe na uvumbuzi. Ugunduzi hautoshi: Sheria ya Hataza ya 1987 imeuweka kando pamoja na nadharia za sayansi na hisabati. Mitaani maneno haya mawili hubadilishana nafasi bila ugomvi, na hata kuvumbua, kwa asili yake, ni kufichua kilichofichika. Sheria ndiyo iliyoyatenganisha: mgunduzi amekikuta kilichokuwapo, mvumbuzi ameleta kisichokuwapo.

Sasa njoo Uyole, Mbeya, kwenye kituo cha TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, kilikotoka maharage ya Uyole 96. Mzalishaji wa mbegu mpya halindwi na hataza. Ana sheria yake ya 2012, na kwa Kiswahili cha ofisini huitwa mgunduzi wa mbegu. Neno lilelile linalomfungia mwenzake mlango wa BRELA ndilo linalompa yeye haki! Naona halimtendei haki. Mtu aliyechavusha maua kwa mkono, akachagua mbegu msimu baada ya msimu, hakuokota kitu njiani.

Akili mnemba imeyachanganya zaidi. Mwaka 2020 Chuo Kikuu cha Makerere, pamoja na kituo cha serikali ya Uganda cha utafiti wa mazao, kilitoa bure picha 1,295 za majani ya maharage: yenye kutu, yenye madoa pembe, na yasiyo na ugonjwa. Kompyuta hufundishwa kwa picha hizo hadi itambue jani linaloumwa. Kilichopatikana tukiiteje? Ndani yake mna hisabati, ambayo haina hataza. Programu yenyewe ina hakimiliki, kama kitabu. Madoa yalikuwapo shambani tangu zamani, na mkulima wa Rungwe au Kilolo huyaona kabla ya kamera yoyote.

Fedha iliyogharimia picha na programu kama hizo ikiwa ya umma, mimi nachagua kuziita amana. Miliki humtaja mwenye mali tu. Amana huwataja wawili, mwenyewe na aliyekabidhiwa, na huyu wa pili hana ruhusa ya kuiuza. Tena amana si bure. Cha bure chaweza kuchukuliwa na yeyote, akakizungushia uzio kwingine. Mwaka 1999 Marekani ilimpa mtu mmoja hataza ya haragwe la njano lililotokana na mbegu alizonunua Mexico. Kituo cha utafiti wa kilimo cha CIAT, Kolombia, kilipinga, kikionyesha kwamba maharage ya namna hiyo yamo katika hazina yake ya mbegu, hazina ambayo tangu 1994 ilikuwa imewekwa kwa mkataba na FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, kuwa amana ya dunia. Kesi ilikwisha 2009, hataza ikaanguka.

Basi COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, au wizara inapogharimia picha za mashamba ya Mbeya na Iringa, neno amana liandikwe kwenye mkataba mapema, na mwenye amana atajwe: wakulima na walipakodi.