Miguu ya chuma ya meza ya jikoni: tazama kutu kabla ya urembo

Ramadhani moja, nyumbani kwa mamangu, meza ya jikoni iliinama upande mmoja karai la viazi likiwa juu yake. Mafuta ya moto yakamwagika sakafuni. Alhamdulillahi, mtoto aliyekuwa hapo alikuwa ametumwa tende dakika hiyo hiyo. Nilipoupindua ule mguu nilikuta rangi nyeusi ingali inang'aa nje, lakini ndani chuma kimeliwa kikabaki kama karatasi. Meza yenyewe haikuwa imetimiza miaka minne.

Sisi watu wa pwani, kutoka Vanga hadi Lamu, tunaishi na upepo wa chumvi. Chumvi huvuta unyevu wa hewani na kuuweka juu ya chuma, ndiyo maana kutu yetu ina mbio kuliko ya bara. Basi kabla ya kumpa fundi arubuni, muulize mambo haya.

Kwanza, ni chuma gani? Chuma cha kawaida ndicho cha bei nafuu, na kinafaa kikilindwa vizuri. Kilichopakwa zinki hustahimili zaidi, ila kikichomelewa zinki huungua pale kwenye kiungo, na kutu huanzia hapo. Mwambie fundi apake viungo rangi yenye zinki. Stenlesi ni ghali lakini hudumu. Ya daraja la 304 huwatosha wengi. Aliye karibu na ufuo ni bora atafute ya 316, iliyoongezwa madini ya molibdenamu ili kuhimili chumvi. Sumaku hukamata chuma cha kawaida kwa nguvu na stenlesi hizi kidogo sana au hata kidogo. Lakini stenlesi hafifu ya 201 nayo haikamatwi, kwa hivyo taka daraja liandikwe kwenye risiti.

Pili, unene. Kwa meza ya kukandia unga wa mahamri, bomba la mraba la inchi moja na nusu, lenye unene wa milimita 2, halitakuangusha. Ile miguu ya fito nyembamba zilizokunjwa kama pini ya nywele inapendeza kwenye meza ndogo ya sebuleni; jikoni itayumba.

Tatu, ncha za chini. Hapa ndipo mamangu alipotegwa. Tunaosha sakafu kwa maji kila siku, na bomba lililo wazi huyanywa yale maji na kuoza kutoka ndani. Ncha zizibwe kwa kuchomelewa kipande cha bati nene, kisha zivishwe raba. Dawa ya kung'arisha nguo nyeupe nayo isiachwe ikatuama kwenye miguu, kwani hutoboa hata stenlesi.

Nne, rangi. Chuma kipigwe msasa mpaka king'ae, kipakwe rangi ya kuzuia kutu, ndipo ije rangi ya juu mikono miwili. Rangi ya unga inayookwa kwenye tanuri ni ngumu zaidi, lakini ikikwaruzika izibe mapema, la sivyo kutu itatambaa chini yake bila wewe kuiona.

Tano, kipimo. Meza ya kukalia huwa na urefu wa sentimita 75 hivi, ya kufanyia kazi umesimama 90. Toa unene wa ubao: ubao wa sentimita 3 kwenye meza ya kukalia unataka mguu wa 72. Na kwa kuwa mbao hutanuka na kunywea kufuata majira, matundu ya bolti yawe marefu kidogo, siyo ya duara, ili ubao usipasuke.

Wahenga walisema rahisi ghali. Tuliilipia meza ile mara mbili, na ilikaribia kututoza zaidi ya pesa. Ukienda kuchukua yako, usitazame ubao. Ipindue, uangalie nyayo zake, ndipo ulipe.