Ligi iliyofukuza mwanamemba wake



Katika mikutano yetu swali moja linarudi kila mara: ndugu waliofika juzi, ambao hawajatoa hata kotizasio moja, tuwapokee sawa na wale tulioanza nao? Na kama jirani fulani hapendi tuwapokee, tufanye nini? Safari hii tunawaletea historia ya mbali kidogo, ya ligi ndogo ya besiboli huko kusini mwa Marekani. Ilikuwa inaitwa Cotton States League, maana yake Ligi ya Majimbo ya Pamba. Leo haiko tena.

Kwa wasioujua mchezo huo: kila ekipe iko na watu tisa. Mmoja anatupa mpira, mutu wa ekipe ingine anaupiga kwa fimbo, kiisha anakimbia. Mtupaji ndiye nguzo ya ekipe. Ligi zao zilipangwa kwa ngazi, sawa vile sisi tuko na entente ya mji, ligi ya jimbo, kiisha Linafoot. Cotton States ilikuwa daraja la C, ngazi ya pili kutoka chini.

Ilianza mwaka 1902 katika miji midogo ya Mississippi, Arkansas na Louisiana. Haikuwa na makuta mengi. Ilisimama na kuanza tena mara nyingi: shida kubwa ya uchumi iliisimamisha mwaka 1932, vita viliisimamisha 1941, na mwaka 1947 ikaamka tena. Klabu ilikuwa inaishi kwa tiketi za mlangoni. Kwa tiketi hizo ililipa wachezaji, basi na taa za kiwanja. Njo maana kila klabu ilihitaji zingine. Mwenzako asipofika, huna mechi, na bila mechi hakuna tiketi.

Mwaka 1953 klabu zilikuwa nane: Jackson, Meridian, Natchez na Greenville za Mississippi, Pine Bluff, El Dorado na Hot Springs za Arkansas, na Monroe ya Louisiana. Hot Springs ni mji wa maji ya moto, watu wanaenda kuoga huko, na ekipe yao ilikuwa inaitwa Bathers, yaani Waogaji.

Wakati huo, kusini mwa Marekani, weusi na weupe walikuwa wametengwa katika shule, mabasi na viwanja. Jackie Robinson alikuwa amefungua mlango wa ligi kubwa mwaka 1947, lakini Cotton States ilikuwa bado haijapokea mchezaji mweusi hata mmoja. Kumbe Hot Springs waliandika watupaji wawili weusi, Jim Tugerson na ndugu yake Leander, waliokuwa wamechezea Indianapolis Clowns.

Viongozi wa klabu zingine walikasirika. Mwanasheria mkuu wa Mississippi alisema ekipe yenye kuchanganya rangi haiwezi kucheza katika jimbo lake. Hot Springs walijaribu kupatana: ndugu hao wacheze nyumbani tu, na katika miji itakayokubali. Haikusaidia. Tarehe 6 mwezi wa 4, ligi ilipiga kura na kuifukuza Hot Springs.

Angalia vizuri hapo. Hot Springs hawakuiba kasha la ligi wala hawakuvunja kalenda. Walifukuzwa juu ya watu waliowapokea. Na hesabu yenyewe ilikuwa mbaya: katika klabu saba, kila siku moja inabaki bila mpinzani.

George Trautman, mkubwa wa ligi ndogo zote, alifuta uamuzi huo. Hot Springs ikarudi. Lakini karatasi ya mkubwa haikubadilisha roho za watu, na ndugu wawili walitumwa Knoxville, Tennessee, katika ligi ya chini zaidi. Tarehe 20 mwezi wa 5, Hot Springs walimwita Jim arudi atupe mpira dhidi ya Jackson. Watu walikuwa wamekaa tayari, yeye yuko katikati ya kiwanja. Mwamuzi akatangaza kwamba, kwa amri ya rais wa ligi, Hot Springs wamepoteza mechi. Hakutupa hata mpira moja wa mechi.

Jim alirudi Knoxville na kushinda mechi 29 mwaka huo. Alishtaki pia viongozi wa ligi, akidai dola 50.000. Hakuzipata.

Tarehe 20 mwezi wa 7, 1954, Hot Springs waliingiza wachezaji wawili weusi, Uvoyd Reynolds na Howard Scott, na safari hii walicheza. Lakini wakati ulikuwa umepita. Mwaka 1955 ulikuwa wa mwisho kwa Cotton States.

Tuseme kwa haki: kufukuza Hot Springs peke yake hakukuua ligi hiyo. Televisheni iliingia nyumbani, na watu wakaacha kununua tiketi. Mwaka 1949 Marekani ilikuwa na ligi ndogo 59. Miaka kumi baadaye zilibaki 21. Lakini katika miaka ambayo kila tiketi ilikuwa ya lazima, viongozi hao walitumia nguvu zao kufunga mlango. Walimkataa mutu aliyeweza kushinda mechi 29, na wakanyima watu wa Hot Springs mechi waliyokuja kuiona.

Sisi hatuchezi besiboli, lakini kasha letu linafanana na lile la tiketi. Linajaa juu wengi wanaleta kidogo kidogo. Anayefika leo mikono mitupu, kesho analima, anauza, anatoa kotizasio. Wengi kati yetu tulifika vile vile. Wafadhili wetu wanaweza kusaidia, na sheria inaweza kutulinda, sawa vile Trautman alivyoandika karatasi yake. Lakini kupokea mutu kunafanyika hapa, kati ya jirani na jirani.

Katika mkutano mkuu ujao tutapiga kura juu ya wapya. Komite inapendekeza waingie kama wanamemba kamili tangu siku ya kwanza, na wapewe miezi sita kabla ya kuanza kutoa kotizasio. Asiyekubali aje aseme mbele ya wote. Tunaomba tu kila mmoja, kabla ya kuinua mkono, aulize: tukimfunga huyu nje, nani atacheza na sisi kesho?