Siku Mbili Belo Horizonte
Mara ya kwanza kucheza Morbid Visions nilidhani spika imepasuka. Tulikuwa chumba cha nyuma kwa kina mpiga besi wetu, Umoja, mwaka wa 2012. Nikabadilisha waya, nikarudia wimbo. Kelele ni ile ile: magitaa yanagombana, ngoma zinakimbia kama mtu anayefukuzwa na mbwa, muimbaji anapiga kelele ndani ya pipa. Mpiga besi akanicheka. "Buda, si spika. Hivyo ndivyo walirekodi."

Hao ni Sepultura. Wengi wetu tuliwajua kupitia Roots ya 1996, ile albamu walienda mpaka kijijini kwa Waxavante kurekodi nao. Bendi kubwa, sauti nzito, kila kitu mahali pake. Hatukujua kwamba kabla ya hapo kulikuwa na watoto tu.

Nasema watoto na sitanii. Mnamo Agosti 1985 Max Cavalera alikuwa na miaka 16. Ndugu yake Igor, mpiga ngoma, alikuwa na 14. Waliingia studio mjini Belo Horizonte pamoja na Paulo Jr. na Jairo Guedz, na katika siku mbili wakamaliza Bestial Devastation. Haikuwa hata santuri nzima. Ilikuwa upande mmoja tu, upande wa pili ulikuwa wa Overdose, bendi nyingine ya mji huo huo. Aliyewatoa ni Cogumelo, duka la santuri lililoamua kuwa lebo. Jina hilo kwa Kireno ni uyoga. Na wale vijana walikuwa na majina ya jukwaani ya kutisha: Possessed, Skullcrusher, Tormentor, Destructor. Mvulana wa miaka 14 anajiita Mvunja Mafuvu! Nikiwa na umri huo nilikuwa naogopa mwalimu wa zamu.

Nyumbani hali haikuwa nzuri. Baba yao, Graziano, Muitaliano aliyefanya kazi katika ubalozi mdogo wa Italia, alifariki wao wakiwa wadogo, na maisha yakashuka. Brazil yenyewe ilikuwa imetoka tu kwenye miaka 21 ya utawala wa kijeshi, ulioisha Machi mwaka huo huo wa 1985. Gitaa kutoka nje lilikuwa ghali mno kwa kijana wa kawaida. Hata jina la bendi lilipatikana kwa njia ya mkato: Max alikuwa akitafsiri wimbo wa Motörhead kwa Kireno, akafika kwenye neno "kaburi", akaona linatosha. Mashairi waliyaandika kwa Kiingereza, lugha ambayo wakati huo walikuwa wanaipapasa tu gizani.

Halafu ikaja Morbid Visions, 1986, na lile suala la magitaa. Hawakuyalinganisha nyuzi. Hiyo si siri, wenyewe wameisema miaka yote. Ukipiga noti moja kwa magitaa mawili, moja likiwa limeshuka kidogo, sauti zinakutana na kuachana, zinakutana na kuachana, na sikio linapata mtetemo unaopanda na kushuka. Ongeza mkwaruzo wa amplifaya na mtetemo unakuwa kama bati linalopigwa na upepo. Juu yake weka kijana anayepiga ngoma kwa kasi ambayo mikono yake bado haijaizoea. Hakuna metronomu inayomwongoza. Anaharakisha, wenzake wanamfuata.

Ndiyo maana nakereka kidogo mtu akiniambia anapenda "sauti ya zamani" kana kwamba ni rangi ya shati. Siku hizi kuna programu ya kukupa hiyo sauti, unabonyeza tu: ukungu kidogo, kanda iliyochakaa kidogo. Wale vijana hawakuchagua ukungu. Walikuwa wanasikiliza Venom na Slayer, wanataka kusikika kama Venom na Slayer, na wanashindwa. Kule kushindwa ndiko kulitoka kwenye santuri. Tena hawakuwa peke yao. Max alikuwa amekosana na Wagner, muimbaji wa mwanzo, ambaye alienda Sarcófago, na Sarcófago wakatoa INRI mwaka 1987, kelele nyingine ya mji ule ule, na baadaye vijana wa Norway wakaisikiliza kama somo.

Sepultura wenyewe hawakukaa hapo. Andreas Kisser alikuja kutoka São Paulo kuchukua nafasi ya Jairo, ikatoka Schizophrenia 1987, na magitaa yakakaa sawa. Desemba 1988 prodyuza Scott Burns akasafiri kutoka Florida hadi Rio kurekodi Beneath the Remains. Ni albamu bora kuliko zile mbili, kwa kila kipimo, na sitabishana na mtu.

Mwaka wa 2023 Max na Igor, ambao walishatoka Sepultura zamani, walitoa rekodi mpya za Bestial Devastation na Morbid Visions. Nyimbo zile zile, vifaa vya leo. Nilizisikiliza usiku mmoja na headphone, nikazipenda. Kila noti inasikika. Igor alikuwa na miaka 52 zilipotoka, na anajua kila wimbo unaenda wapi. Nikarudi kwa ile ya 1985. Pale hajui. Kuna sehemu unaskia kabisa kwamba hana uhakika kama atafika mwisho.

Sisi pia tulirekodi. Mwaka wa 2013, nyimbo nne, alasiri moja, chumba chenye magodoro ukutani. Mpiga ngoma wetu alikuwa anakimbia mbele kila kiitikio. Niliona aibu. Miezi kadhaa baadaye nilikaa kwa kompyuta nikakata kila pigo, nikalisogeza mahali pake, nikahifadhi. Faili za mwanzo nilizifuta, kwa sababu diski ilikuwa imejaa na kwa sababu sikutaka mtu azisikie tena.

Huyo msee sasa yuko Doha, mwaka wa sita, kazi ya ulinzi. Mwezi jana alinipigia akaniomba zile nyimbo. Ana mtoto anayeanza kugongagonga sufuria na mama yake anatuma video. Nikamtumia. Alikaa kimya kama saa nzima, halafu akaandika: "Hizi si ni zile ulinyoosha? Nitumie zile zetu."

Ujumbe wake bado uko pale. Nimeshausoma, na anaona kwamba nimeusoma.