Breki zilizochoma grisi mlimani

Tarehe 21 Oktoba 1976, huko California, Marekani, vijana walishindana kuteremka njia ya mlimani kwa baiskeli kuukuu. Breki ilikuwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma. Ilipata joto hadi grisi ikafuka moshi, na baada ya kuteremka ilibidi kutia nyingine. Njia ikaitwa Repack, yaani kujaza upya.

Zikafuata breki za kubana rimu, lakini matope huzilegeza. Diski za mafuta zimekaa mbali na matope.

Anayeteremka na mzigo asikimbilie kununua breki nzima mpya: pengine inatosha kubadili diski ya mbele, kutoka milimita 160 hadi 180, ikiwa foki inaikubali. Mafuta ya madini yasichanganywe na ya DOT. Raba za ndani zitaharibika, na mteremkoni breki haitashika.