Njia ya Butiama kwenda Mwisenge

Kutoka Butiama hadi Musoma ni kiasi cha kilomita 40. Abiria wa leo huteremka hadi Makutano, kwenye barabara kuu ya Mwanza na Sirari, kisha hushika tawi la lami linaloishia mjini, ukingoni mwa Ziwa Viktoria. Mwaka 1934 njia hiyo ilimpitisha mtoto wa miaka 12 aliyeitwa Kambarage, ambaye baadaye angejulikana kama Mwalimu Nyerere, akienda kuanza masomo katika shule ya bweni ya Mwisenge mjini Musoma.

Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa mmoja wa machifu wa Wazanaki, kabila la Butiama, ingawa Wazanaki wa zamani hawakuwa na machifu. Mambo yao yaliamuliwa na wazee wa rika, na waleta mvua walisikilizwa kuliko mtu yeyote. Ni serikali ya kikoloni iliyotaka mtu mmoja wa kumdai kodi na kumpa amri, ikaupanda uchifu pasipo na mizizi. Burito alishika nafasi hiyo mwaka 1915, akafariki mwaka 1942. Kambarage alizaliwa mwaka 1922 na mke wa tano, Mgaya, katika nyumba ya wake 22, kwa hiyo hakuna aliyemtazamia kurithi chochote kikubwa. Waingereza, ambao baada ya Wajerumani walitawala kwa kupitia machifu hao hao, walitaka watoto wa machifu wajue kusoma na kuandika. Ndivyo mlango wa Mwisenge ulivyofunguka. Masomo ya miaka minne aliyamaliza kwa mitatu, na mwaka 1937 akaingia Shule ya Tabora.

Mwisenge ingali shule ya msingi, na wageni huonyeshwa mahali aliposomea Mwalimu. Jambo kubwa zaidi katika historia ya mji wa Musoma halina jengo linalovuta wageni namna hiyo. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya Taifa ya chama tawala, TANU, ilikutana Musoma na kutoa Azimio la Musoma. Elimu ya msingi kwa wote, ambayo mipango ya awali iliiweka mwaka 1989, ilitakiwa ifikiwe Novemba 1977. Azimio lilibadili pia njia ya kwenda chuo kikuu. Aliyemaliza kidato cha sita alipaswa kwanza kupita Jeshi la Kujenga Taifa, afanye kazi kwa miaka isiyopungua miwili, kisha apendekezwe na mahali pake pa kazi.

Matokeo yalikuja kwa kishindo. Wanafunzi wa shule za msingi walikuwa kama milioni 1.2 mwaka 1974. Kufikia mwaka 1980 walikuwa wamevuka milioni 3. Vijiji vilifyatua matofali na kujenga madarasa, na palipokosekana darasa kivuli cha mti kilitosha. Walimu ndio waliokuwa haba. Vijana waliotoka darasa la saba waliwekwa mbele ya watoto huku wenyewe wakijifunza ualimu kwa redio, kwa masomo ya posta na kwa semina. Watu waliwaita walimu wa UPE, kifupi cha Kiingereza cha elimu ya msingi kwa wote, na jina hilo halikuwa la sifa hata kidogo. Lawama hizo zina ukweli, kwani kiwango cha elimu kilishuka. Lakini bila vijana hao, mamilioni ya watoto wa wakulima wasingeshika chaki kamwe. Sharti la kazi kabla ya chuo kikuu ndilo lililochakaa mapema. Liliwapunguza wanawake chuoni, na haukupita muda wakaruhusiwa kuingia moja kwa moja.

Bunda, iliyoko kwenye barabara kuu ile ile ya Mwanza na Sirari, huachwa nje ya masimulizi haya. Ni mji wa njia panda na wa pamba. Kutoka hapo barabara moja hukata kwenda Kisorya, kwenye kivuko cha Ukerewe, na upande wa kusini msafiri hukutana na lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti. Basi husimama, abiria hununua chakula, safari huendelea. Hata hivyo, Jaji Joseph Warioba, aliyezaliwa mwaka 1940, ni mtu wa Bunda. Alikuwa Waziri Mkuu kuanzia mwaka 1985, mwaka ule ule Nyerere alipong'atuka urais, hadi 1990, na baadaye aliongoza tume ya rushwa ya mwaka 1996 na Tume ya Mabadiliko ya Katiba.

Nyerere alirudi Butiama kulima. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Mwitongo, kwenye boma la ukoo, karibu na makaburi ya baba na mama yake. Makumbusho yanayobeba jina lake yako hapo hapo kijijini. Jirani ni msitu wa Muhunda, ambao Wazanaki huuheshimu kama makao ya mzimu wao, na ambao ulikuwapo kabla ya chifu yeyote. Butiama sasa ni wilaya, na imepewa makao ya chuo kikuu cha kilimo na teknolojia chenye jina la mwanafunzi yule wa Mwisenge.