Kuitaja Dini ya Mwenzio

Katika masomo yote anayopewa mwalimu kuyafundisha, hakuna linalomtoa jasho kama lile linalohusu dini za watu. Hesabu haimkasirishi mzazi. Jiografia haivunji urafiki. Lakini mwalimu akiandika ubaoni neno "Uislamu" au "Ukristo" mbele ya darasa lenye watu wa dini zote mbili, wanafunzi huketi wima ghafla. Kila mmoja anasubiri kusikia jinsi dini yake itakavyotajwa, na jinsi ya mwenzake itakavyotajwa.

Nimefundisha historia kwa zaidi ya miaka thelathini, kwanza shuleni nikiwa mwalimu na kisha mwalimu mkuu, halafu katika chuo cha ualimu hadi nilipostaafu. Kazi yangu haikuwa kufundisha dini. Kila madhehebu yalikuwa na kipindi chake: Waislamu walikwenda chumba kimoja na sheikh wao, Wakatoliki kingine na padri, na Walutheri na Waanglikana kingine tena. Utaratibu huo unafaa kwa kuikuza imani ya kijana, wala siupingi. Lakini una pengo lake. Kijana huweza kusoma miaka yote bila kuisikia dini ya jirani yake ikielezwa na mtu anayeiheshimu. Anayoyajua ameyaokota njiani. Somo la historia ndilo lililowakuta wote wakiwa chumba kimoja, na kwa sababu hiyo nililiona kuwa na dhamana kubwa.

Sikuanza na Makka wala Bethlehemu. Nilianza na majina ya siku. Niliwaomba wanachuo wanieleze kwa nini siku ambayo Wakristo wengi huenda kanisani inaitwa Jumapili, yaani ya pili. Ya pili kutoka wapi? Baada ya kimya kidogo, mmoja huwa anagundua kwamba hesabu inaanza baada ya Ijumaa, siku ya sala ya jamaa ya Waislamu: mosi, pili, tatu, nne, tano. Kisha inakuja Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu nayo ni ya tano, kwa sababu Waarabu huanza kuhesabu Jumapili. Hivyo juma letu lina siku za tano mbili, moja ya Kibantu na moja ya Kiarabu, na Mkristo anayetangaza ibada ya Jumapili anahesabu kwa kalenda iliyopangwa na Waislamu wa pwani. Padri naye amepata jina kwa Wareno. Kanisa ni neno lililotufikia kwa Kiarabu, na Injili ni neno la Kiyunani lililopitia kwa Waarabu. Darasa likishacheka na kushangaa, linakuwa tayari kusikia kwamba dini hazikutufikia kila moja kwa njia yake iliyozungushiwa ukuta.

Baada ya hapo niliwapeleka mbali kidogo, kwa watu ambao hawakuwa na ugomvi nao. Tuna methali isemayo, "Baniani mbaya, kiatu chake dawa." Niliuliza: Baniani ni nani? Wengi walijibu, "Ni Mhindi, mwalimu." Na Mhindi anafuata dini gani? Hapo majibu yalipotea. Wahindi wa Dar es Salaam, Tanga na Mwanza walio Waislamu ni wengi, wakiwamo Ismailia, Bohora na Ithnaasheri. Wagoa wengi ni Wakatoliki, kwa kuwa Wareno waliiteka Goa mwaka 1510. Wale wenye vilemba na ndevu, tunaowaita Kalasinga, ni wafuasi wa Guru Nanak, aliyezaliwa Punjab mwaka 1469, akafundisha kwamba Mungu ni mmoja na kwamba watu wasibaguliwe kwa matabaka ya kuzaliwa. Baadhi ya wazee wao walikuja kujenga reli kutoka Mombasa hadi Ziwa Viktoria kati ya 1896 na 1901. Baniani wa methali, yaani Mhindu, ni mmoja tu katika jamii hiyo tuliyoikusanya yote katika neno moja.

Mhindu huyo anaamini nini? Mwanachuo mmoja alinijibu kwa haraka kwamba anaabudu ng'ombe. Nikamweleza kuwa Wahindu humheshimu ng'ombe na wengi hawali nyama yake, lakini kumheshimu si kumfanya kuwa Mungu Mkuu. Dini yao haina mwanzilishi mmoja wala mwaka wa kuanzishwa. Veda, maandiko yao ya kale, yalihifadhiwa kwa kukaririwa vichwani miaka mingi kabla ya kuandikwa, na sehemu zake za kwanza zina umri wa miaka 3000 au zaidi. Wana miungu mingi, na wengi wao husema kuwa hiyo yote ni sura za Mmoja asiyeonekana. Wanaamini kwamba matendo ya mtu humfuata, na kwamba roho huzaliwa tena na tena hadi ipate kufunguliwa.

Katika mazingira hayohayo ya India ya kale alitokea Siddhartha Gautama, anayeitwa Buddha, yapata karne ya 5 kabla ya Kristo. Mapokeo husema alizaliwa Lumbini, katika nchi ya leo ya Nepal, mtoto wa jamaa ya watawala, akaiacha nyumba yake baada ya kuona uzee, ugonjwa na mauti. Mafundisho yake mwanafunzi anaweza kuyashika kwa vidole vinne: maisha yana mateso, chanzo cha mateso ni tamaa, mateso yanaweza kukoma, na iko njia ya kuyakomesha. Niliona mara nyingi darasa likinyamaza hapo. Mtu asiyekuwa Mbudha hata kidogo huweza kulitambua swali hilo, kwa sababu naye amewahi kuuguza na kuzika.

Ndipo tuliporudi karibu na nyumbani, kwenye dini tatu zinazomtaja Ibrahimu kuwa baba. Wayahudi walifanya agano na Mungu mmoja, wakapokea Torati inayohusishwa na Musa, na hekalu lao la Yerusalemu lilipobomolewa na Warumi mwaka 70, waliibeba dini yao katika kitabu, sala na sabato, wakaishi nayo katika nchi za watu. Hata Uganda, mashariki karibu na Mbale, iko jamii ya Waafrika walioifuata dini hiyo tangu 1919, wakiongozwa na Semei Kakungulu. Wakristo waliamini kwamba Yesu wa Nazareti, Myahudi, ndiye Kristo, Mwana wa Mungu, aliyesulubiwa akafufuka. Kwa karne tatu walikuwa wachache, mara wakivumiliwa, mara wakiuawa, hata Kaizari Konstantino alipowapa uhuru mwaka 313. Katika karne hiyohiyo mfalme Ezana wa Aksum, katika Ethiopia ya leo, aliipokea imani hiyo. Kwa hiyo anayesema kwamba Ukristo uliingia Afrika pamoja na Mzungu amekosea kwa zaidi ya miaka elfu moja.

Uislamu nao una habari yake Aksum. Mtume Muhammad alizaliwa Makka yapata mwaka 570. Aliwaita watu wamwabudu Mungu mmoja asiye na mshirika, na nguzo za dini yake kila Mwislamu anazijua: shahada, sala, zaka, saumu ya Ramadhani na hija kwa mwenye uwezo. Wafuasi wake wa kwanza walipoteswa na watu wa Makka, baadhi yao walivuka bahari mwaka 615 wakakimbilia kwa Najashi, mfalme wa Aksum. Mapokeo ya Waislamu wenyewe yanasimulia kwamba mfalme huyo Mkristo alikataa kuwarudisha kwa waliowafuata. Hijra ya Madina, inayoanza kalenda ya Kiislamu, ilikuja baadaye, mwaka 622. Kila mwaka nilihakikisha habari hii haikosi katika andalio la somo. Waislamu wa kwanza kuja Afrika walikuja wakiwa wakimbizi, na waliowapokea walikuwa Wakristo.

Msomaji anaweza kuuliza: mbona mzee huyu anajitaabisha hivi? Jibu ni kwamba nyakati zenyewe zilikuwa zinadai. Kuanzia miaka ya 1980 viwanja vya miji yetu vilijaa mihadhara, watu wakishika vipaza sauti na kulinganisha Biblia na Kurani, kila upande ukitafuta makosa ya mwenzake. Aprili 1993 mabucha ya nguruwe yalishambuliwa Dar es Salaam. Februari 2013, kule Buseresere mkoani Geita, ugomvi kuhusu nani ana haki ya kuchinja uliishia kwa kifo cha mchungaji. Wanachuo walitoka katika mitaa hiyohiyo. Walikuja chuoni na mihadhara masikioni, na baada ya miaka miwili walikuwa wanakwenda kukabidhiwa watoto wa watu.

Mahali pagumu kuliko pote palikuwa biashara ya watumwa. Nakumbuka mwaka mmoja katika miaka ya 1990, mwanachuo kutoka bara alisimama akasema, "Mwalimu, tuseme kweli, Waislamu walituuza na Wakristo wakatukomboa." Mwenzake wa pwani akainuka: "Na hao Wakristo waliokuja na bunduki kuchukua nchi nzima, walikuwa wanamkomboa nani?" Darasa likagawanyika papo hapo, viti vikasogea.

Niliwaambia, "Kaeni, ndugu zangu. Tuandike ubaoni nani alifanya nini, wapi na mwaka gani." Tukaandika. Mwaka 1776 Mfaransa Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupewa watumwa 1000 kila mwaka, kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi. Tukaandika Waarabu wa Zanzibar na mashamba yao ya karafuu. Waswahili wenye misafara. Wafanyabiashara wa Kiyao na wa Kinyamwezi. Machifu waliouza mateka. Na matajiri wa Kihindi waliokopesha fedha. Upande wa pili tukaandika kwamba Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga biashara hiyo tarehe 5 Juni 1873, akiwa ameshurutishwa na Waingereza, na kwamba kanisa la Waanglikana lilijengwa mahali palipokuwa na soko. Kisha tukaandika jambo ambalo wengi hawakulitarajia: serikali ya Wajerumani, ambao walikuwa Wakristo, ilitawala Tanganyika hadi Vita Kuu ya Kwanza bila kuufuta utumwa kabisa. Ulifutwa kwa sheria mwaka 1922, chini ya Waingereza.

Ubao ulipojaa, hapakuwa na dini iliyotoka safi, wala dini iliyobebeshwa dhambi yote. Mwanachuo wa bara aliutazama muda mrefu, akasema, "Kumbe na wa kwetu wamo." Nikamjibu kuwa na wa kwetu wamo. Sikuwaambia nani ana haki. Ubao ulikuwa umesema wenyewe, na wale wawili walinakili kila mstari.

Nililomalizia nalo siku zote lilikuwa dini za babu zetu, ambazo vitabu vingi viliziweka mwisho au viliziita ushenzi. Hazina msahafu, lakini zina imani: Muumba aliye juu ya yote, wazee waliotangulia wasiosahau walio hai, na wajibu wa mtu kwa ukoo na kwa ardhi. Wachaga walimwita Ruwa, Wanyakyusa Kyala, na makabila mengi Mulungu. Mwaka 1905 Kinjikitile wa Ngarambe aliwaunganisha watu wa makabila mbalimbali kwa maji yaliyoaminiwa kuwa dawa, na vita vya Maji Maji vikawaka. Jeshi la Wajerumani halikutuona kuwa watu wasio na dini siku ile. Kisha nikawauliza wanachuo: Biblia ya Kiswahili na Kurani iliyotafsiriwa na Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy mwaka 1969 humwitaje Aliyeumba mbingu na nchi? Zote mbili husema Mungu. Neno hilo halikuletwa kwa jahazi wala kwa meli. Ni la Kibantu. Wote wawili, mfasiri wa Biblia na mfasiri wa Kurani, waliazima kwa bibi zetu.

Ikiwa mwalimu kijana anayesoma kurasa hizi atataka kanuni, ninayo moja ambayo niliitumia kila mara. Eleza dini ya mtu kwa namna ambayo yeye mwenyewe, akiwa ameketi dawati la mbele, atasema, "Ndivyo tunavyoamini." Usichanganye kauli mbili: sema "Wakristo wanaamini," "Waislamu wanaamini," unapoeleza imani, na sema "mwaka fulani ilitokea" unapoeleza tukio. Kijana akijua tofauti ya kauli hizo hatatishika na tarehe, wala hatadhani kuwa historia imekuja kumnyang'anya Mungu wake.

Wala kanuni hiyo si ya kizungu wala ya kisasa. Mfalme Ashoka wa India, baada ya vita vya Kalinga katika karne ya 3 kabla ya Kristo kumjaza majuto, alichongesha maneno juu ya miamba kuwaonya raia wake kwamba anayeisifu dini yake kwa kuitukana ya mwenzake, anaidhuru ya kwake. Yeye alikuwa Mbudha, akitawala Wahindu, Wajaini na wengineo, na alijua alichokuwa anakisema. Miamba hiyo ingalipo, na mihadhara nayo haijakoma. Kati ya viwili hivyo amesimama mwalimu na chaki yake, mbele ya watoto arobaini au sitini ambao kesho watachinja pamoja, watazikana, na wengine wataoana. Aseme kwa uangalifu.